Sura ya Nne: Wiki Moja ya Khamsini

Wastani wa joto la mchana mjini Kairo katika mwezi wa Aprili ni takribani nyuzi 28 za Selsiasi, na msomaji anayeikuta takwimu hiyo katika jedwali la hali ya hewa anaweza kudhani kwamba Aprili ya Misri ni mwezi mtulivu, wenye joto la kadiri lisilomchosha mtu. Takwimu yenyewe ni sahihi, lakini inapotosha, kwa sababu imepatikana kwa kuchanganya siku za nyuzi 22 na siku zinazopita nyuzi 38, ambazo huweza kufuatana ndani ya wiki ileile. Majira ya machipuko, yaani kipindi kilicho kati ya baridi inayokoma Februari na kiangazi kinachoanza Juni, hayaingii jangwani taratibu, joto likiongezeka kidogo kila siku. Huingia kwa mapigo, na kila pigo huletwa na upepo. Anayetaka kuyaelewa majira hayo, basi, hana budi kuuacha wastani wa mwezi na kuichunguza wiki, maana wiki ndiyo muda unaolingana na mwendo wa jambo lenyewe, na sababu ya kulingana huko si ya kubahatisha.

Sababu hiyo inaanzia kwenye tofauti ya tabia kati ya nchi kavu na bahari. Kairo hupata takribani milimita 25 tu za mvua kwa mwaka mzima, na Aswan, ulio mbali zaidi kusini, karibu haupati kitu. Kwa hiyo ardhi ya jangwa haina maji ya kugeuza kuwa mvuke. Mahali penye udongo mbichi na majani, sehemu kubwa ya nguvu ya jua hutumika kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa husalimika. Jangwani nguvu hiyo yote huishia kuipasha moto ardhi, na ardhi nayo kuipasha moto hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana Sahara huwahi kupata joto mara tu jua linapoanza kupanda juu zaidi angani mwezi wa Machi. Bahari ya Kati, kinyume chake, huchelewa, kwa kuwa maji yanahitaji miezi mingi ya jua ili yapate joto, na katika mwezi huohuo maji ya pwani ya Alexandria huwa bado yako karibu na nyuzi 17. Matokeo yake ni kwamba kwenye pwani yote ya Afrika Kaskazini, kuanzia Tunisia hadi Sinai, hewa ya moto na hewa ya baridi hukaa jirani, zikitenganishwa na ukanda mwembamba, na hali ya namna hiyo katika angahewa haidumu kwa amani.

Pepo za juu, zile zinazovuma kilomita kumi hivi juu ya ardhi kutoka magharibi kwenda mashariki, ndizo zinazochokoza. Zinapoivuka milima ya Atlas ya Morocco na Algeria na kushuka upande wa pili, mara kwa mara huacha nyuma ya milima hiyo eneo la mgandamizo mdogo wa hewa, yaani mahali ambapo uzito wa hewa iliyolala juu ya ardhi umepungua kuliko ulivyo pande zote zinazopazunguka, hata hewa ya jirani ikavutwa kuelekea hapo. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Misri, M. G. El-Fandy, aliandika juu ya kuzaliwa kwa maeneo hayo mwaka 1940, na mwaka 1989 Pinhas Alpert na Baruch Ziv walionyesha kwa undani zaidi jinsi milima, joto la Sahara na pepo za juu zinavyoshirikiana kuyaumba na kuyasukuma. Eneo moja la aina hiyo si kubwa likilinganishwa na dhoruba za Atlantiki, lakini lina haraka: hufuata ukingo wa pwani kuelekea mashariki kwa mwendo unaozidi kilomita 36 kwa saa, na kwa kuwa kutoka Atlas hadi delta ya Nile ni umbali wa kilomita 3,000 hivi, safari yake huchukua siku tatu au zaidi kidogo. Ukijumlisha siku hizo, siku ya kupita kwake, na siku mbili tatu za hewa kutulia baada yake, inapatikana wiki.

Wamisri huita upepo unaotangulia mbele ya eneo hilo khamsini, jina ambalo Mswahili halimpi shida, na jina hilo huhusishwa na siku hamsini ambazo upepo huo hutarajiwa kutokea. Edward William Lane, mwanazuoni wa Uingereza aliyeishi Kairo na kuchapisha kitabu chake kuhusu desturi za Wamisri mwaka 1836, alieleza kwamba watu wa wakati wake walizihesabu siku hizo kuanzia siku inayofuata Pasaka ya Wakristo wa Kikopti. Siku hiyohiyo ya kwanza ni sikukuu ya Sham el-Nessim, ambayo Wamisri wa dini zote husherehekea kwa kutoka nje kwenda kwenye bustani na kingo za mto ili wavute hewa safi, wakila mayai yaliyotiwa rangi, vitunguu, na samaki wa chumvi waliovundikwa waitwao fasikh. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba sikukuu ya upepo mwanana imewekwa kwenye mlango wa kipindi cha upepo mbaya kuliko wote, ingawa huenda waliozoea nchi hiyo walijua kwamba hewa nzuri inafaa kufaidiwa kabla haijaondoka. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba khamsini haivumi siku hamsini mfululizo. Huvuma siku moja, mbili, pengine tatu, kisha hukatika, na kalenda yake hutangulia na kuchelewa, kwani pepo za namna hiyo zimewahi kuvuma Februari na zimewahi kuvuma Juni.

Hapo ndipo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kuweka kando mazoea yake. Kaskazi na kusi ni pepo za msimu, ambazo kila mmoja hushika zamu yake kwa miezi kadhaa, na ni katika maleleji tu, yaani kipindi cha upepo mmoja kuondoka na mwingine kuingia, ambapo baharia hukosa uhakika wa kuelekeza tanga lake. Machipuko ya Misri ni maleleji yasiyokwisha: ndani ya siku nne upepo huweza kuzunguka pembe zote za dira, na kila pembe ina joto lake, unyevu wake na rangi yake ya mbingu.

Siku mbili za kwanza za wiki ya namna hii hazina mengi ya kusimuliwa. Upepo hafifu hutoka kaskazini, asubuhi huwa na ukungu katika mashamba ya delta, na mchana ni wa nyuzi 24 au 25. Mwenye kipimahewa, yaani chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, ndiye pekee anayeweza kuhisi kwamba kuna jambo linakuja, kwa kuwa mshale wake huanza kushuka polepole ilhali mbingu bado ni nyeupe na safi.

Siku ya tatu upepo hugeuka. Katika nusu ya kaskazini ya dunia hewa huzunguka eneo la mgandamizo mdogo kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, na kwa sababu hiyo mtu aliye mashariki ya eneo hilo, akilisubiri, hupata upepo wa kutoka kusini-mashariki na baadaye kusini kabisa. Upepo huo haujapita juu ya maji yoyote. Umetoka ndani ya jangwa, na sehemu yake imeshuka kutoka kwenye nyanda za juu. Hewa kavu inaposhuka hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na kubanwa huko huiongezea joto la takribani nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, hata kama jua halijaigusa. Kwa hiyo joto la mchana huruka kutoka nyuzi 25 hadi 35, na siku inayofuata huweza kuvuka 40. Unyevu wa hewani, unaopimwa kwa asilimia ya mvuke ambao hewa ingeweza kuubeba, huanguka chini ya asilimia 10. Midomo hupasuka, karatasi hujikunja mezani, nguo zilizoanikwa hukauka muda mfupi baada ya kutundikwa. Katika siku za kawaida za jangwa usiku hufuta machungu ya mchana, kwa sababu mbingu isiyo na mawingu huruhusu joto la ardhi kupotea juu, lakini usiku wa khamsini upepo huendelea kuichanganya hewa na vumbi huizuia sehemu ya joto isitoke, na watu huamka wakiwa wamechoka kama walivyolala.

Vumbi lina habari yake peke yake. Mtu aliyelieleza vizuri kuliko waliomtangulia ni Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza ambaye alitumia likizo zake katika miaka ya 1920 na 1930 kuvuka jangwa la magharibi ya Nile kwa magari, kisha akarudi kwao na kujenga bomba la upepo, yaani chumba chembamba ambamo upepo hupulizwa kwa kasi inayojulikana, ili achunguze mwendo wa mchanga punje kwa punje. Kitabu chake cha mwaka 1941 kinatenganisha mambo mawili ambayo macho huyaona kuwa moja. Punje za mchanga ni nzito. Upepo hauzibebi bali huzirusha, nazo huruka kidogo, hutua, na kwa kutua kwao huzipiga na kuzirusha nyingine, na mchezo huo wote hufanyika karibu na ardhi, sehemu kubwa chini ya mita moja. Vumbi, ambalo chembe zake ni ndogo kuliko sehemu 6 za mia za milimita, halirushwi kwa urahisi na upepo peke yake, kwa kuwa chembe ndogo hushikamana; linahitaji kutimuliwa na punje za mchanga zinazoanguka, lakini likishatimuliwa hupanda kilomita kadhaa na kubaki angani kwa siku nyingi, kiasi kwamba vumbi la Sahara hutua Cyprus na Ugiriki. Bagnold alionyesha pia kwamba kiasi cha mchanga unaohama hukua kulingana na kasi ya upepo ikizidishwa yenyewe mara tatu, maana yake upepo ukiongezeka maradufu mchanga unaosafirishwa huwa mara nane. Hii ndiyo sababu siku moja ya upepo mkali hufanya kazi ambayo siku kumi za upepo wa wastani haziwezi.

Maarifa hayo yanatosha kutia shaka katika kisa maarufu cha Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliyesimulia kwamba jeshi la watu 50,000 la mfalme Cambyses wa Uajemi lilifukiwa na mchanga ulioletwa na upepo wa kusini lilipokuwa safarini kuelekea oasisi ya Siwa. Mwelekeo wa upepo ni sahihi, na huenda palikuwa na msiba kweli, lakini mchanga unaoruka chini ya kiuno cha mtu haufukii maelfu ya watu. Jeshi lililopotea ndani ya khamsini lingekufa kwa kiu, kwa kukosa njia na kwa joto, na mchanga ungekuja baadaye kufunika mabaki.

Siku ya nne au ya tano hufika mpaka wenyewe, unaoitwa mbele ya baridi: ukingo ambapo hewa ya baharini, nzito na baridi, hujipenyeza chini ya hewa ya jangwa na kuinyanyua. Kufika kwake hakuna staha. Upepo wa kusini hukatika, pengine kwa dakika chache tu, kisha huvuma kutoka kaskazini-magharibi kwa nguvu zaidi ya mwanzo, ukisukuma mbele yake ukuta wa vumbi la manjano au la rangi ya machungwa, na taa za barabarani huwashwa mchana. Ndani ya saa chache joto hushuka kwa nyuzi 10, wakati mwingine 15. Mawingu huonekana, na mvua huanza kudondoka kutoka kwayo, lakini hewa iliyo chini ni kavu mno hata matone mengi huwa mvuke kabla ya kufika ardhini. Machache yanayofika huwa yamekusanya vumbi njiani, nayo huacha madoa ya tope juu ya magari na kuta. Mara chache unyevu huwa mwingi kuliko kawaida, na hapo mambo hugeuka. Tarehe 12 Machi 2020 mgandamizo mdogo wenye nguvu ulileta mvua kubwa kaskazini mwa Misri, katika miji ambayo mifereji yake ya maji haikujengwa kwa mvua kama ile; serikali iliwapa watu mapumziko siku hiyo, na bado zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wananchi waliiita dhoruba ya joka.

Mwaka mmoja baadaye pepo za machipuko zilijulikana duniani kote kwa sababu nyingine. Asubuhi ya tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na upana wa mita 59, ilikuwa ikipita sehemu ya kusini ya Mfereji wa Suez kuelekea Rotterdam, katika upepo wenye vumbi uliofikia takribani fundo 40, sawa na kilomita 74 kwa saa. Makontena yaliyopangwa juu yake yalikuwa zaidi ya 18,000, na ukuta wa makontena wa urefu huo ni tanga ambalo nahodha hawezi kulikunja. Meli ilikwenda upande, pua yake ikaingia kwenye ukingo mmoja na tezi yake ikakaribia ukingo wa pili, na njia ikazibika. Mwenyekiti wa mamlaka ya mfereji, Osama Rabie, alisema baadaye kwamba hali ya hewa haikuwa sababu kuu na kwamba kosa la kiufundi au la kibinadamu lingeweza kuhusika, na hoja hiyo ina uzito, kwa sababu meli nyingine zilipita katika upepo uleule. Lakini hakuna anayedai kwamba meli ile ingekwama katika siku tulivu. Wiki ya upepo iligeuka kuwa wiki ya biashara ya dunia: zaidi ya meli 360 zilipanga foleni, baadhi ya kampuni zikageuza meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na mchanga ukachimbwa chini ya pua usiku na mchana. Iliyosaidia mwishoni ni bahari. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 28, maji ya bamvua yakajaa kuliko siku zilizotangulia, na tarehe 29 Machi matishari yaliivuta meli ikaelea.

Hasara nyingine za wiki hizo hazipigwi picha kutoka angani. Aprili ni mwezi ambao ngano ya Misri inajaza punje, na joto la nyuzi 40 likija wakati huo mmea hufupisha kazi yake, punje zikakomaa zikiwa zimesinyaa. Silika ya mkulima ni kumwagilia maji, lakini hapo ndipo anapokwama, kwa sababu udongo uliolowa haushiki mizizi vizuri, na upepo ukipiga shamba lililomwagiliwa ngano hulala chini, ikawa vigumu kuvunwa. Maofisa wa kilimo hurudia kila mwaka onyo la kutomwagilia ngano siku za upepo, na mkulima anabaki kuchagua kati ya kiu na kuanguka. Miembe nayo huchanua katika kipindi hichohicho. Upepo mkavu hukausha maua na kuangusha matunda machanga, na mabadiliko ya ghafla kati ya joto na baridi huuvuruga mti mzima. Katika msimu wa mwaka 2021 wakulima wa Ismailia, mji ulio kando ya mfereji uleule, walipata maembe machache mno, na wataalamu walihusisha uhaba huo na kupanda na kushuka kwa joto wakati wa maua. Hospitalini, wagonjwa wa pumu huongezeka, na si siku ya upepo tu bali siku mbili tatu baadaye pia, kwani chembe laini zaidi, zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, ndizo zinazochelewa kutua.

Siku za mwisho za wiki upepo hurudi kaskazini na mbingu huoshwa. Kando ya Ghuba ya Suez, ambako safu za milima pande zote mbili huubana upepo na kuuongezea kasi, hizo ndizo siku za kazi kwa mashamba ya mitambo ya umeme wa upepo ya Zafarana na Gabal el-Zeit, kila moja likiwa na uwezo unaozidi megawati 500. Ndizo pia siku za safari kwa korongo weupe wanaorudi Ulaya baada ya kukaa katika nyika za Kenya, Tanzania na nchi za kusini zaidi. Korongo hapigi mabawa mwendo mrefu; hupanda kwa kubebwa na hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo haipatikani juu ya bahari, makundi yake hukwepa maji mapana na kusongamana kwenye njia nyembamba ya ghuba na Sinai, kati ya mitambo hiyohiyo. Katika majira ya machipuko watazamaji huwekwa Gabal el-Zeit ili mitambo isimamishwe kundi linapokaribia.

Kompyuta za utabiri huweza kuliona eneo la mgandamizo mdogo likiwa bado nyuma ya Atlas, na kutaja siku ya kufika kwake Kairo, hata saa, kwa kosa dogo. Kiasi cha vumbi ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa hakitegemei upepo peke yake bali pia hali ya ardhi: kama mvua ya majira ya baridi iliacha ganda gumu juu ya udongo, au kama magari na mifugo wamelivunja ganda hilo. Upepo wa kasi ileile huweza kupita eneo moja ukiwa safi na kutoka eneo jingine ukiwa mwekundu.

Kufikia mwisho wa Mei bahari imeanza kupata joto, tofauti yake na nchi kavu karibu na pwani inapungua, pepo za juu zinahamia kaskazini, na maeneo ya mgandamizo mdogo yanaacha kuzaliwa nyuma ya Atlas. Wastani wa joto unaendelea kupanda, lakini siku za joto la kupindukia katika pwani ya Misri nyingi ni za Aprili, Mei na mwanzo wa Juni, si za Agosti, kwa sababu Agosti upepo wa baharini hautoki zamu. Unaoushikilia ni mgandamizo mdogo ulio mpana, unaotanda juu ya bara la Asia wakati wa masika ya India, ambao mkono wake wa magharibi hufika hadi karibu na Cyprus na kuivuta hewa ya kaskazini juu ya Misri kwa miezi mitatu mfululizo. Na ni mgandamizo huohuo, ukivuta kutoka upande wa pili, unaoleta kusi katika pwani ya Zanzibar na Mombasa.